Chapati iliyokatwa na kilio cha mtoto

Mtoto wa miaka mitatu na nusu alipewa chapati, mama yake akaikata vipande vinne ili ipoe upesi. Mtoto akaitazama sahani, midomo ikaanza kumtetemeka, mara akajitupa sakafuni. Alipoletewa nyingine aliisukuma. Alitaka ile ile, iungwe. Bibi yake akanigeukia: "Mwalimu, unaliona deko hili?"

Nafundisha chekechea, na neno deko nalisikia karibu kila siku. Mengi tunayoyasema juu ya vilio hivi tumeyapokea kwa wakubwa wetu bila kuyachunguza, na anayeumia ni mtoto.

"Analilia kitu kidogo." Kwako wewe ni kidogo. Yeye alikuwa akiingojea chapati yake tangu unga unakandwa, na nzima ndiyo aliyokuwa akiiona kichwani. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotuwezesha sisi wakubwa kushusha pumzi na kusema "haidhuru", huendelea kukomaa hadi mtu amepita miaka 20. Mtoto wa miaka 3 ana uchungu wote wa binadamu, lakini uwezo wa kuuzuia ndio kwanza unaota.

Tena chapati haikuwa peke yake. Siku ile mtoto hakulala mchana, na saa moja jioni ilikuwa imepita bila kutia kitu tumboni. Mwaka 1931 Florence Goodenough wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alichapisha utafiti wake juu ya hasira za watoto wadogo, akitumia kumbukumbu walizoandika wazazi nyumbani siku hadi siku. Hasira zilizidi saa za kukaribia chakula, na zilizidi mtoto alipokuwa na mafua au tumbo limefunga. Usingizi nao una hesabu yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa miaka 3 hadi 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Sasa mchukue mtoto anayelala saa nne usiku baada ya tamthilia kuisha, akaamshwa saa kumi na moja na nusu alfajiri awahi basi la shule. Amelala saa saba na nusu. Huyo nikimwona analia kwa sababu kalamu ya njano kapewa mwenzake, simwiti mkaidi. Namtandikia mkeka.

"Anafanya makusudi." Mwaka 2003 watafiti wa Marekani, Michael Potegal na Richard Davidson, walichapisha uchunguzi wa vilio vya watoto 335 wa miezi 18 hadi 60. Waliona hasira hupanda mapema na kushuka haraka, huku huzuni ikiendelea kuwepo. Robo tatu ya vilio hivyo vilikwisha ndani ya dakika 5. Ndiyo maana mtoto aliyekusukuma sasa hivi, dakika mbili baadaye anakunyoshea mikono. Hakuchezei akili: hasira imepita, huzuni imebaki.

Halafu ipo methali tunayoitaja tukiwa tumekwisha kuishika fimbo: mchelea mwana kulia hulia yeye. Naomba tuisikilize vizuri. Inamsema anayekiogopa kilio. Na anayemchapa mtoto ili anyamaze anakiogopa kilio sawasawa na anayekimbilia dukani kumnunulia pipi. Wote wawili wanataka kilio kikome sasa hivi, kwa gharama yoyote. Aliyechapwa hunyamaza, ni kweli, lakini kwa woga. Na kesho mwenzake akimnyang'anya mdoli, atafanya alichofanyiwa.

Mama wa yule mtoto hakukiogopa. Alichuchumaa usawa wake akasema polepole, "Ulitaka chapati nzima. Mama kaikata. Pole, baba." Akanyamaza, mkono mgongoni mwake. Hakuahidi chapati nyingine, hakuhubiri habari za watoto wasio na chakula. Baada ya dakika kama nne mtoto aliinuka mwenyewe, akaenda kukaa pajani kwa bibi, yule yule aliyelalamikia deko, akachovya kipande kwenye mchuzi.

Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya. Kubembeleza si kumpa anachokililia. Ukisema soda hakuna, basi hakuna hata akigaragara mchana mzima, lakini paja lipo. Kinachomharibu mtoto ni "hapana" inayogeuka "ndiyo" kila sauti ikipanda. Na ukimuuliza kesho, "Nikate au nisikate?", hujamdekeza. Umemfundisha kutumia mdomo kabla ya machozi.

"Mpe simu atulie." Hutulia, hilo sibishi. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliofuatilia watoto wa miaka 3 hadi 5 waliona kuwa kutulizwa mara kwa mara kwa simu na vifaa vya namna hiyo kuliendana na hisia kulipuka zaidi miezi iliyofuata, hasa kwa wavulana. Na hao wavulana ndio tunaowaambia, "Wewe mwanaume, unalia nini?" Tunawanyima machozi, tunawapa kioo cha simu.

"Usimwache alie, atakata pumzi." Hofu hii naiheshimu, maana wapo watoto wanaolia hadi pumzi inasimama, midomo inageuka rangi, wanalegea. Si shetani, na kwa kawaida si degedege. Hali hii huwapata watoto wa miezi 6 hadi miaka 6, huisha yenyewe, mara nyingi kabla ya dakika moja, na mtoto huachana nayo akikua. Mlaze ubavu, usimtikise, usimtie kitu mdomoni. Ila ikitokea mara ya kwanza mpeleke hospitali wahakikishe si kifafa wala moyo, na uombe apimwe damu, kwa sababu upungufu wa madini ya chuma huchangia na una tiba.

Mpeleke pia kama vilio vyake kwa kawaida hupita dakika 25, kama hujiumiza kwa kujing'ata au kujigonga kichwa, au kama hawezi kabisa kutulia hata akishikwa. Kabla ya kwenda, chukua daftari la shilingi mia tano uandike kwa wiki mbili: kilio kilianza saa ngapi, kilidumu dakika ngapi, mara ya mwisho alikula nini, usiku alilala saa ngapi. Daktari atalihitaji, na huenda wewe mwenyewe ukaona jambo kabla hujafika kwake.