Je, Wajua? Kwa Nini Ukuta wa Plastiki Hukatwa Kabla ya Kufunga Baraza la Mbao

Binamu yangu anayeishi Marekani alituma picha kwenye grupu la ukoo: mafundi wanakata ukanda mrefu wa ukuta wa nyumba yake, nyumba nzima isiyo na ufa. Mjomba wa Mbagala akauliza kwa uchungu, "Mbona wanambomolea?" Kumbe wanamjengea baraza la mbao, yaani sakafu ya mbao iliyoinuliwa kutoka ardhini na kushikizwa ukutani, na wasingekata ndipo wangemharibia nyumba.

Nyumba nyingi za kule husimama kwa fremu ya mbao, kisha nje huvikwa vipande vya plastiki ya PVC, aina ile ile ya dari za plastiki tunazofunga hapa Dar es Salaam. Unene wake ni kama milimita 1 tu, na nyuma yake mna uwazi. Tena havikazwi. Misumari hupita kwenye matundu marefu na huachwa imelegea kidogo, maana jua likiwaka plastiki hurefuka, baridi ikija hunywea. Kipande cha karibu mita 4 huweza kusogea zaidi ya sentimita 1.

Baraza nalo, upande wa nyumba, hubebwa na boriti iliyofungwa ukutani. Boriti ikikazwa juu ya plastiki hiyo, plastiki hubonyea na boriti haipati pa kuegemea. Baya zaidi ni maji. Mvua huteremka na ukuta, hupenya nyuma ya boriti na kutuama pasipofika jua wala upepo. Mbao huoza taratibu, na kwa nje huoni kitu, mpaka siku ya sherehe watu wanapojazana barazani.

Ndiyo maana plastiki hukatwa kwanza, boriti ikakazwa kwa bolti kwenye fremu yenyewe. Juu yake huwekwa bati lililokunjwa: ukingo mmoja unaingia nyuma ya plastiki iliyobaki, mwingine unashuka mbele ya boriti ili maji yadondokee nje. Misumari peke yake huchomoka, na kanuni za ujenzi za huko zinakataza kuitegemea.

Kwetu kuta ni za matofali ya saruji, lakini tunalo vazi letu: lipu. Nimeona boriti za vibaraza zimepigiliwa misumari ya zege iliyoishia kwenye lipu, na inaniuma, kwa sababu lipu haibebi mtu. Bolti ifike kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaozunguka kuta. Tofali lenye matundu halifai kwa bolti zinazotanuka, kwani ndani hazipati pa kushika. Acha pia nafasi ya kama sentimita 1 kati ya boriti na ukuta, maji ya masika yapite na upepo uikaushe. Kwa Kigamboni na Mbezi Beach, ambako hewa ya chumvi hula chuma upesi, nunua bolti zilizochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa au za chuma kisichoshika kutu.

Ushauri wangu hasa, kama nafasi ipo, ni kuliacha baraza lisimame kwa nguzo zake lenyewe pande zote, ukuta usiguswe. Utaongeza nguzo mbili tatu na zege kidogo.

Na kama unalo tayari, masika yakiisha chukua bisibisi, inama chini ya baraza, uchome boriti ile ya ukutani. Ikizama bila kusukumwa sana, usiruhusu mtu apande tena kabla fundi hajaibadilisha.