"Alikufa Dakika Kumi, Akarudi": Ushuhuda Huo Unathibitisha Nini?

Dhana: Alikufa kabisa, akarudi.

Wapo watu ambao moyo ulisimama, wakahuishwa, kisha wakasimulia waliyoyaona. Moyo ulisimama, hilo kweli. Ila ubongo hauzimiki kama taa. Mwaka 2013 timu ya Jimo Borjigin wa Chuo Kikuu cha Michigan ilisimamisha mioyo ya panya tisa, ikaona mawimbi ya ubongo yakipanda ghafla ndani ya sekunde 30 za mwanzo. Mwaka 2023 ikaripoti wagonjwa wanne waliofariki baada ya kuondolewa mashine ya kupumulia. Wawili walionyesha mpando kama huo.

Kiswahili chetu nacho kinachangia. Sisi tunakufa njaa, tunakufa kwa kicheko, na kesho yake tuko kazini. Daktari ana ubahili zaidi na neno hilo: kwake mauti hayana kurudi, na aliyerudi alikuwa njiani tu.

Dhana: Wanaosimulia wanatunga.

Wengi hawatungi. Daktari wa moyo Pim van Lommel na wenzake waliwahoji wagonjwa 344 wa Uholanzi walioshtuliwa moyo ukarudi kupiga. Matokeo yalitoka mwaka 2001: 62 walikuwa na jambo la kusimulia. Maana yake pia ni kwamba 282 hawakukumbuka chochote, na hao hakuna anayewaalika jukwaani kutoa ushuhuda.

Dhana: Walijiona kutoka darini, kwa hiyo roho ilitoka.

Hapa ndipo penye utamu. Daktari Sam Parnia aliamua kupima. Katika hospitali 15 za Uingereza, Marekani na Austria ziliwekwa rafu karibu na dari, juu yake picha iliyotazama juu, isiyoonekana na mtu aliye chini. Mioyo ilisimama mara 2,060. Walionusurika na kuhojiwa hadi mwisho walikuwa 101, na wawili tu ndio waliosimulia kuona na kusikia yaliyotendeka chumbani. Wote wawili walizidiwa kwenye vyumba visivyo na rafu! Mmoja, mwanamume wa miaka 57, alieleza kwa usahihi watu waliokuwapo na sauti za mashine ya kushtua moyo.

Utafiti wa pili wa Parnia, wa mwaka 2023, ulitumia kompyuta ndogo yenye picha, na vipokea sauti masikioni vilivyotaja matunda matatu: tofaa, pea, ndizi. Kati ya 28 waliohojiwa, hakuna aliyeitaja picha. Mmoja aliyataja matunda. Mimi hilo linanifikirisha kuhusu sikio kuliko kuhusu roho.

Na kujiona kutoka juu kunaweza kuwashwa kwa umeme. Mwaka 2002, Uswisi, daktari wa neva Olaf Blanke aligusa kwa umeme sehemu ya ubongo ya mwanamke mwenye kifafa. Mama akajiona amelala kitandani, yeye yuko juu. Ila aliona miguu na kiwiliwili cha chini tu.

Halafu kumbukumbu haina saa ya ukutani. Ule mwanga unaosimuliwa ulionekana moyo ukiwa umesimama, au damu ilipoanza kurudi kichwani? Msimuliaji mwenyewe hawezi kuapa.

Dhana: Wote huona handaki na mwanga.

Si wote. Nchini India, watafiti Satwant Pasricha na Ian Stevenson walikusanya visa vya watu waliosimulia kuchukuliwa na wajumbe wa Yama, mungu wa mauti wa Wahindu, wakafikishwa kwa karani mwenye daftari, wakaambiwa: siye wewe, rudi. Kumbe hata huko makarani hukosea majina.

Dhana: Basi sayansi imethibitisha hakuna akhera.

Hapana. Rafu zile zilipima kama mtu anaweza kuona mahali ambapo macho yake hayapo. Akhera haikuwekwa kwenye mizani hiyo, na sijamsikia shehe wala padri aliyejenga hoja yake juu ya picha iliyowekwa karibu na dari.