Mbwa Anapobwekea Giza: Anaona Nini?

Wengi tumekua tukiambiwa kwamba mbwa huona majini na wachawi wanaowanga, na kwamba ukijipaka tongotongo zake nawe utawaona. Tuanze na tongotongo, maana hapo ndipo penye madhara. Huo ni ute uliobeba vumbi na mara nyingi bakteria. Utakachoambulia ni macho mekundu. Na ikiwa mbwa ana kichaa, mate yake yakiingia jichoni mwako virusi vinaweza kupenya. Aliyekwisha kujaribu aoshe macho kwa maji mengi safi, kisha aende hospitali.

Kinachomsaidia mbwa kuona gizani kimo ndani ya jicho lenyewe: utando ulio nyuma ya retina (sehemu ya jicho inayopokea mwanga), unaorudisha mwanga upite mara ya pili. Ndiyo maana macho yake hung'aa ukimmulika tochi. Lakini anapobweka saa nane za usiku, mara nyingi kilichomwamsha ni sikio au pua. Sisi usikivu wetu hukomea takriban hezi 20,000, yaani mitetemo ya sauti kwa sekunde. Yeye hufika kama 45,000, kwa hiyo panya wanaozozana darini kwa sauti nyembamba anawasikia wakati wewe unaona nyumba imetulia. Vipokezi vyake vya harufu vinaweza kufikia milioni 300, vyetu ni kama milioni 6. Aliyepita nyuma ya ua muda mrefu uliopita, kwa mbwa bado yupo. Mwaka 2020 watafiti wa Sweden na Hungaria walionyesha pia kuwa ncha ya pua yake hutambua joto hafifu kwa mbali.

Ghaibu hatuna kipimo chake, na kazi ya shehe au padri hatuiingilii. Sisi tunaanza kukagua darini.

Linalotushughulisha zaidi ni mbwa aliyebadilika ghafla. Mbwa mzee anayekodolea ukuta huenda akili imechoka kwa umri, na anayedaka nzi wasiokuwepo huenda ana kifafa. Wote wapelekwe kwa daktari wa mifugo. Ila anayeng'ata ovyo, anayetokwa mate, aliyebadilika sauti na kushindwa kumeza, usimguse wala usimwitie mganga. Ingiza watoto ndani, mpigie afisa mifugo. Akiwa amemng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na siku hiyohiyo aanze chanjo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa.