Tarumbeta la harusini linapotakiwa kupiga rasti

Juzi harusini Ngamiani tulipiga wimbo wa taarab ya zamani. Tulipomaliza, bibi mmoja akaniita pembeni: "Mwanangu, mmepiga vizuri, lakini mbona wimbo umenyooka hivyo? Mmeupiga pasi?" Nilicheka, ila alikuwa kanipata.

Wimbo ule uko kwenye maqamu (mpangilio wa sauti wa muziki wa Kiarabu) ya rasti, na mi ya rasti, sauti ya tatu ukihesabu do, re, mi, si mi ya kinanda. Iko chini yake kwa karibu robo toni, yaani senti 50, ukihesabu kuwa nusu toni ni senti 100. Mpiga udi hana tabu, kidole chake hutua popote anapotaka. Tromboni, ambayo bomba lake huvutwa, vilevile: nusu toni ya kwanza ni kama sentimita 8 za kuvuta, basi ukiishia kwenye 4 umeipata. Kazi iko kwenye tarumbeta, lenye valvu tatu: ukibonyeza moja, pumzi inapita kwenye kibomba chake cha ziada na sauti inashuka. Valvu ya kwanza inashusha toni nzima, ya pili nusu, ya tatu toni na nusu. Zichanganye utakavyo, robo haitoki.

Nassim Maalouf wa Lebanon aliongeza valvu ya nne, na mwanawe Ibrahim anazunguka dunia na tarumbeta la namna hiyo. Langu ni la mitumba. Nimebaki na bomba la valvu ya tatu, linalovutika.

Tarumbeta la B-flati lina bomba la karibu sentimita 148. Kile kipande cha valvu ya tatu ukikivuta kama sentimita 2.6 (pumzi inakwenda na kurudi, kwa hiyo urefu unaongezeka mara mbili ya hapo), valvu haishushi tena senti 300, inashusha 350. Sasa puliza so bila kubonyeza kitu, kisha bonyeza ya tatu peke yake. So iko senti 700 juu ya do. Toa 350, zinabaki 350, yaani 50 chini ya mi ya kinanda iliyo kwenye 400. Mi ya rasti hiyo.

Ti ya rasti, nayo iko robo toni chini ya ile ya kinanda, ni mtihani. Unaanzia mi ya juu, unabonyeza ya kwanza na ya tatu, na kidole gumba kinavuta bomba la valvu ya kwanza nalo kama sentimita moja. Wimbo ukiwa wa haraka namwachia mtu wa tromboni.

Tarumbeta langu halikuwa na pete ya kulivuta bomba la valvu ya tatu, nikaenda kwa fundi wa radieta, maana ndiye anayelehemu shaba kila siku. Pete ilishika, ila moto ukalegeza kiungo cha jirani, nikarudi nyumbani na tarumbeta linalovuja. Safari ya pili akakifunga kiungo hicho kitambaa kilicholowa kabla ya kuwasha moto.

Hiyo sentimita 2.6 ya bomba la tatu ni ya kuanzia tu. Mwimbaji wetu huipandisha mi kidogo wimbo ukipanda, huilegeza akirudi, nami namfuata kwa kidole cha pete. Nilichora alama ya msumari kwenye bomba. Siku hizi siitazami.