Ufadhili wa kusomea ukutubi ukiwa kazini: dhana potofu na ukweli wake

Mengi yanayosemwa kuhusu ufadhili wa masomo yanawahusu vijana waliomaliza shule juzi. Mtu ambaye tayari anaazimisha vitabu, anapanga rafu au anaingiza taarifa kwenye katalogi, na sasa anataka shahada ya ukutubi, yaani taaluma ya kuendesha maktaba, yuko kwenye fungu jingine lenye masharti yake.

Dhana: "Wanachukua wenye alama za juu tu."

Alama kwa kawaida huchuja tu. Ukishavuka kiwango cha chini, kinachokutenganisha na wengine ni kazi yako. Ipo hata mifuko iliyotengwa kwa ajili ya wasaidizi wa maktaba peke yao. Chama cha Maktaba cha Marekani (ALA) kina ufadhili wa Tony B. Leisner, wa dola 3,000, kwa wafanyakazi wa ngazi ya usaidizi wanaosomea uzamili wa ukutubi. Mwenye alama nzuri ambaye hajawahi kufanya kazi maktaba hana nafasi hapo.

Ajabu ni kwamba waombaji wengi huificha kazi hiyo hiyo. Insha inaanza na "Tangu utotoni napenda vitabu", na msomaji wa kamati anajua aya nzima itakwendaje. Linganisha na hii: "Vitabu vilivyorudishwa Ijumaa vilikuwa vinakaa kwenye toroli hadi Jumanne, huku katalogi ikionyesha bado vimeazimwa. Nilipendekeza tuvisajili mlangoni kabla ya kuvipanga, na vikaanza kuonekana siku ileile." Kuna tatizo, kuna hatua, kuna matokeo. Kisha eleza shahada itakufungulia nini ambacho cheo chako cha sasa kinakunyima: kuchagua vitabu vya kununua, kuandaa bajeti, kusimamia katalogi nzima.

Dhana: "Nisome mwaka mmoja kwanza, niombe nikiwa na matokeo mkononi."

Hii ndiyo inayowagharimu watu zaidi, kwa sababu inasikika kama busara. Mifuko mingi inalenga wanaoanza. Ufadhili wa ALA niliotaja huweka kikomo cha krediti 12 (vizio vya kuhesabia kozi) za uzamili zilizokwisha kusomwa. Piga hesabu: anayefanya kazi huku anasoma kozi mbili kwa muhula, kila moja krediti 3, anafika 12 baada ya mihula miwili. Kozi ya tano inamtoa nje. Omba wakati ombi lako la udahili linashughulikiwa, pale masharti yanaporuhusu, na usome vizuri tarehe ambayo krediti huhesabiwa. Mara nyingi si tarehe ya mwisho ya kuomba.

Dhana: "Shahada yoyote ya ukutubi itafaa."

Angalia ithibati, yaani uthibitisho rasmi kwamba masomo yanafikia viwango vya taaluma, na uangalie ya programu yenyewe, si ya chuo. ALA huthibitisha programu za uzamili za Marekani, Kanada na Puerto Rico. Uingereza kazi hiyo hufanywa na CILIP, chama cha wakutubi na wataalamu wa taarifa cha huko. Chuo chenye sifa kubwa kinaweza kuwa na programu isiyo kwenye orodha. Mfuko ukidai ithibati, ombi la programu ya namna hiyo halifiki hata kwenye kusomwa, na baadaye ajira nyingi za ukutubi zitakudai kitu hichohicho.

Dhana: "Nikishapata barua ya kukubaliwa, mambo ya fedha yameisha."

Hapa ndipo pa kukaa na kalamu. Kwanza, uliza fedha zinalipwa kwa nani na lini. Misaada mingi ya waajiri ni ya kurudishiwa: unalipa ada mwenyewe, unasoma, unawasilisha matokeo pamoja na risiti, ndipo unalipwa. Ada iliyolipwa Septemba, kwa kozi iliyoisha Desemba na matokeo ya Januari, inaweza kurudi Februari, na kabla ya hapo ada ya muhula wa pili inadaiwa. Ukipata alama chini ya kiwango kilichowekwa, hairudi kabisa.

Pili, uliza chuo kwa maandishi: ufadhili wa nje ukiingia, mtapunguza nini? Vyuo vingine hupunguza mkopo, ambayo ni heri. Vingine hupunguza ruzuku yao wenyewe, na unabaki pale pale ulipokuwa.

Tatu, kodi. Nchini Marekani, ufadhili wa mwanafunzi wa shahada unaotumika kwa ada na vitabu vinavyotakiwa na kozi hautozwi kodi ya mapato. Sehemu inayokwenda kwenye pango na chakula hutozwa. Msaada wa mwajiri nao hautozwi kodi hadi kikomo chake, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa dola 5,250 kwa mwaka.

Nne, mkataba wa kubaki kazini. Ukiondoka kabla ya muda uliokubaliwa, unarudisha fedha, zote au kwa uwiano wa muda uliosalia. Tafuta kipengele cha kupunguzwa kazi: je, utadaiwa hata kama mwajiri ndiye aliyefuta nafasi yako?

Dhana: "Barua ya mkuu wangu inatosha."

Barua hizi ni mbili, na huchanganywa mara kwa mara. Moja inakupendekeza. Nyingine inathibitisha kuwa umeajiriwa, kwa saa ngapi na tangu lini, na hiyo huenda ikatoka kwa idara ya rasilimali watu. Penye kudaiwa zote mbili, ukituma moja ombi halijakamilika. Mpe mkuu wako wiki tatu au nne, pamoja na vigezo vya mfuko, rasimu ya insha yako na orodha ya kazi ulizofanya. Bila hivyo ataandika kwamba wewe ni mchapakazi na mwaminifu, basi.

Dhana: "Lazima niache kazi nisome muda wote."

Si lazima. Mifuko mingi ya wafanyakazi hukubali masomo ya muda wa ziada, na mingine inakutaka uwe kazini siku unapoomba. Hakikisha tu idadi ya chini ya krediti kwa muhula, na ukibadilisha maktaba katikati ya masomo, wajulishe kabla awamu inayofuata haijalipwa.