Muuguzi akitoka kambi ya kipindupindu, usimkimbie

Kuna namna watu wanavyosogea pembeni kisimani bila kusema neno. Binti amemaliza stashahada ya uuguzi, anasubiri ajira huku akijitolea, na sasa amepangwa kambi ya kipindupindu. Anafika na dumu lake, foleni inampisha kabla hajaomba. Mama mwenye nyumba naye ameshamwambia, kwa upole kabisa, atafute pa kulala mpaka hali itulie. Katika miaka yangu ya kusimamia wauguzi hapa Mtwara, hili ndilo limewaliza wengi wao, kuliko kazi yenyewe.

Kazi yenyewe si ndogo. Vitanda vya kambini vina tundu katikati na ndoo yenye alama za vipimo chini yake. Muuguzi anasoma ndoo, anaandika, anarudisha mwilini kilichotoka. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa, ngozi ukiifinya inabaki imesimama, na mishipa imenywea, haionekani. Hapo uutafute mshipa usiku kwa tochi ya simu! Mtu mzima wa kilo 50 aliyekaukiwa hivyo anahitaji lita 5 za dripu kwa saa 3: lita moja na nusu iingie ndani ya nusu saa ya kwanza, iliyobaki ifuate. Wakiachwa bila tiba, karibu nusu ya wagonjwa mahututi wanaweza kufa. Wakiwahiwa, hafi hata mmoja katika mia.

Klorini nayo ina hesabu zake. Asilimia 0.05 ni ya kunawa mikono, 0.5 ya sakafu na vitanda, 2 ya matapishi, kinyesi na maiti. Inachanganywa upya kila siku kwa sababu inapoteza nguvu. Baada ya wiki mbili mikono ya muuguzi imepasuka kama ya mbangua korosho. Posho ikichelewa, anayemlisha ni mama yake.

Sasa, hofu ya kisimani. Kipindupindu hakisafiri kwa pumzi. Bakteria wake lazima aingie kinywani, kwa maji, chakula au mikono iliyogusa kinyesi au matapishi ya mgonjwa. Binti huyu kabla ya kutoka kambini amevua mabuti na aproni, amenyunyiziwa klorini, amenawa, amebadili nguo. Ningekuwa mimi ningeogopa zaidi lile beseni la msibani, mnalonawia watu 30 maji yaleyale kabla ya kutia mikono kwenye sinia moja la pilau. Mwageni beseni, mtu amiminiwe maji kwa kata, na sabuni iwepo. Na marehemu wa kipindupindu aoshwe kwa kufuata maelekezo ya watu wa afya. Heshima yake haipungui.

Kule juu Newala na Tandahimba najua maji ni shida ya siku zote, na dumu la kununua mtu analionea huruma kulichemsha. Basi tumieni dawa ya kutibu maji, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Maji ya kisima kuwa meupe si dalili ya usalama.

Mtu akianza kuharisha maji kama ya mchele, msisubiri kupambazuke. Pakiti moja ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kwenye lita moja ya maji safi, aanze kunywa palepale, hata akitapika: subiri dakika kumi, mpe tena kidogokidogo. Kama ORS hakuna, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Anywe njiani mkimpeleka. Langoni mtamkuta binti yuleyule, na atawauliza mambo mawili: kuharisha kumeanza saa ngapi, na mara ya mwisho amekojoa lini. Njooni na majibu.