Choo kikijengwa, si lazima kitumike

Wengi wanaochangia vyoo vya vijijini ng'ambo huamini kwamba watu wanajisaidia porini kwa sababu tu hawana hela ya choo. Basi changisha, jenga, piga picha, rudi kwenu. India imeonyesha mambo si mepesi hivyo.

Mwaka 2014 watafiti walizungukia kaya zipatazo 3,200 katika vijiji vya majimbo matano ya kaskazini, Bihar na Uttar Pradesh yakiwemo. Kati ya kaya zenye choo kizima, zaidi ya asilimia 40 zilikuwa na angalau mtu mmoja anayekwenda bado shambani.

Tatizo ni shimo. Mashimo ya vyoo vilivyojengwa kwa ruzuku ya serikali yalikuwa madogo, na watu waliogopa yasijae. Likijaa, nani atalizoa? Kwa karne nyingi kazi hiyo walibebeshwa Wadalit, tabaka la chini kabisa, wengi wao sasa wanaikataa (nani awalaumu?), na wa tabaka la juu hagusi. Kwa hiyo choo huwekwa akiba, atumie mzee au mgonjwa.

Dawa ipo: mashimo mawili. La kwanza likijaa linafungwa, mnahamia la pili; likiachwa mwaka mmoja au zaidi, uchafu unageuka mboji kavu isiyonuka. Lakini nani ataamini bila kuona? Bati na saruji hupendeza kwenye picha za michango. Fundi anayerudi mwaka wa pili kulifungua lile shimo mbele ya wanakijiji, huyo hachangiwi.